Refti ya Mzee Mukhwana

Mzee Festus Mukhwana hajawahi kupiga penalti hata moja maishani mwake. Mguu wake wa kulia ulivunjika akiwa kijana, alipoanguka na baiskeli, na tangu hapo anatembea akiinamia upande. Lakini niulize mimi, kipa wa Tuwani Ladies, ni nani anayejua penalti kuliko mtu yeyote kutoka Kitale mpaka Bungoma, nitakwambia ni yeye. Na nitasema kwa sauti, kwa sababu mwaka jana nilisema kitu kingine juu yake, tena kwa sauti kubwa. Waliosikia lile lazima wasikie na hili.

Mimi ni Lorna Jerono. Nimezaliwa Kapsokwony, kwenye barabara za kupanda mpaka pikipiki inakohoa, na kazi yangu ni bodaboda hapa Kitale. Ukiona pikipiki nyekundu imeandikwa USINIHARAKISHE nyuma, ni mimi huyo. Nina mdomo. Hilo nimeambiwa tangu nursery na sijawahi kukataa.

Mzee Mukhwana ni Mbukusu wa Bungoma. Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha karatasi kule Webuye, na kazi yake ilikuwa kuvuta karatasi mpaka ipasuke. Kweli kabisa, watu walilipwa kwa hiyo kazi. Alikata kipande, akakibana kwenye mashine, mashine ikavuta polepole, na pale kilipochanika yeye akaandika namba. Kiwanda kilipofungwa akahamia Kitale, akafungua kibanda karibu na maghala ya mahindi, na hapo anashona Biblia zilizoachana, vitabu vya nyimbo na rejista za shule. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wako mbali. Kilichobaki ni gundi, sindano na mpira wa wasichana.

Alianza kuja uwanjani na kiti chake cha kukunja, akakaa nyuma ya goli langu na kitabu kikubwa cha jalada la kijani alichojishonea mwenyewe. Mazoezi yote yupo, anaandika tu. Siku moja nikachoka.

"Mzee, unaandika nini hapo? Ama umetumwa na watu wa kodi?"

"Naandika vile watu wanavutwa," akasema.

"Ati?"

"Kaa chini, Jerono. Karatasi mbili zinaweza kufanana kabisa. Nyeupe, nzito, laini. Ukizilaza mezani huwezi kujua. Mpaka uvute. Sasa angalia Vivian na Beth."

Vivian ndiye nyota wetu. Ana mguu wa kutisha, akipiga mpira unasikia kifua kinauma kabla haujafika. Beth anauza nyanya sokoni na kiki yake inatembea kama imetumwa dukani. Mzee akanifungulia kurasa zao. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, moja ameandika BARIDI, nyingine MOTO. Baridi ni mazoezi, au mechi ambayo tayari tunaongoza tatu bila. Nikamuuliza moto ni nini.

"Moto ni ile kiki ukikosa mtu analia."

Vivian, baridi: kumi na tisa kwa ishirini. Vivian, moto: tatu kwa nane. Beth, baridi: kumi na tatu kwa ishirini, aibu tupu. Beth, moto: tisa kwa tisa. Nikaangalia ile tisa kwa tisa, nikamwangalia Beth kule uwanjani akifunga kamba za viatu pole pole, na kwa mara ya kwanza nikamwogopa.

Kocha Rotich alipoonyeshwa alicheka, halafu akaacha kucheka. Baada ya mwezi mmoja Mzee akapewa kiti kwenye benchi, kati ya kocha na sanduku la dawa. Jamani, ungemwona. Alianza kupiga shati pasi kwa sababu ya hicho kiti. Alikuwa anafika kabla ya wachezaji, anapangusa benchi na leso, halafu ndiyo anakaa.

Basi mwaka jana mwezi wa nane tukaingia fainali ya kombe letu la majirani, sisi na Khalaba Queens, kwao Bungoma. Dakika tisini zikaisha sare, tukaenda penalti. Mzee alikuwa amewafuata Khalaba msimu mzima, kwa sababu dada yake anaishi kule, naye Phelista Nakhungu, mpigaji wao hodari, ni mtoto wa huyo dada. Alinipa karatasi yenye majina matano, na kila jina lina herufi moja mbele yake, R au L. Yeye huandika akiwa nyuma ya goli, anatazama vile kipa anatazama, kwa hivyo upande wake ndio upande wangu. R, raiti. L, lefti. Mtoto wa chekechea anajua. Nikaikunja nikaitia kwenye soksi.

Phelista akaja wa kwanza. Karatasi ilisema L. Nikaruka lefti, mpira ukaenda raiti. Nikasema sawa, hutokea. Wa pili R, nikaruka raiti, mpira lefti. Wa tatu hivyo hivyo. Wa nne hivyo hivyo. Watu wa Bungoma wakaanza kunicheka, wengine wananionyesha upande kwa mikono kama wanaelekeza lori. Sisi tulikuwa tumefunga nne. Ya tano Vivian aligonga mwamba, kwa sababu kocha alikataa kumsikiliza Mzee akampa Vivian ile kiki ya mwisho, lakini hilo sijui kwa nini hakuna anayelikumbuka. Khalaba wakapiga ya tano. Nikaruka vibaya mara ya tano. Kombe likabaki Bungoma.

Niliinuka na nyasi mdomoni. Nikamwona Phelista amekimbia mpaka kwenye benchi letu, amemkumbatia mjomba wake, wote wawili wamesimama mbele ya umati. Damu ikanipanda. Nikatembea moja kwa moja mpaka pale nikasema, na nilisema kwa ile sauti ya kuitia abiria stendi, "Mzee, umetuuza! Umetuuza kwa watu wenu!"

Mzee alimwachia Phelista, akanigeukia.

"Jerono, mbona umenifanyia hivyo?"

"Mimi nimefanya kazi yangu! Wewe ndiye uulizwe umefanya nini!"

Aliweka kitabu kwenye mfuko, akachukua kofia yake, akaondoka akiinamia upande. Kocha Rotich akatangaza palepale kwamba kile kiti hakina mtu tena.

Kitale si mji wa siri. Wiki haikuisha kabla ya kila mtu kujua kwamba Mukhwana wa vitabu aliuza mechi. Wamama wa kanisa letu wakapeleka vitabu vyao vya nyimbo kwingine. Mimi nilipita mbele ya kibanda chake mara kumi kwa siku na sikugeuza kichwa. Na kama moyo ulianza kunilegea, nilijiambia hivi: mtu asiyejua kitu hukosea nusu, nusu anapata kwa bahati. Mtu anayekosea zote tano anajua. Kwa hivyo alijua, na alinidanganya. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, na niliizunguka mwaka mzima bila kuona mlango wake wa pili.

Mwezi wa saba mwaka huu nilimbeba abiria, mama mmoja wa Saboti na gunia lake la mbegu, mpaka kwenye maghala. Njia ilikuwa imezibwa. Lori la mahindi lilikuwa linarudi nyuma kuingia geti, na aliyekuwa anamwelekeza dereva ni Mzee Mukhwana, amesimama na fimbo.

"Refti! Refti kidogo! Ongeza refti, bana!" Dereva akakata usukani, mkia wa lori ukaenda kushoto. "Hapo hapo! Sasa laiti!" Lori likaenda kulia, likaingia sawasawa.

Hilo halikunishtua. Watu wa Bungoma wanageuza L na R tangu niwajue, na mimi wananicheka kwa kusema "kidapu" nikitaka kitabu. Kilichonisimamisha ni ukuta. Pale getini Mzee alikuwa amewachorea madereva mishale kwa chokaa. Mshale mmoja unaelekea kushoto, na juu yake herufi kubwa: R. Mwingine unaelekea kulia: L.

Nilizima pikipiki.

"Wewe, mbona unazima? Mimi nina haraka," yule mama akasema.

"Mama, soma nyuma ya hii pikipiki," nikamjibu, nikashuka. Nilimwendea Mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu Bungoma. "Mzee, shikamoo. Hiyo R ni ya nini?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumuuma. "Marahaba. Ni ya refti."

"Na L?"

"Ya laiti. Kwani ninyi Kapsokwony mnaandikaje?"

Nilikaa chini kwenye gunia la mtu. Tano kwa tano, bana. Tano kwa tano! Mzee hakukosea hata moja. Aliandika vile anavyosema, na mimi nikasoma vile ninavyosema.

"Mzee," nikasema, "ile karatasi ya Bungoma. Phelista uliandika L. Ulitaka niruke wapi?"

"Laiti! Si ndiko alipiga?" Sasa na yeye sauti ilikuwa imepanda, mwaka mzima ukamtoka kwa mara moja. "Nilikuandikia laiti ukaruka refti. Nikakuandikia refti ukaruka laiti. Mara tano, Jerono! Mbele ya watu! Nikasema, huyu msichana ameona hawezi kushika neno la mtu wa Bungoma, ameamua kufanya kinyume. Halafu unakuja kuniambia nimewauza. Nilikuuliza mbona umenifanyia hivyo, ukanifokea."

Nilidhani aliniuliza kwa nini nimemtukana. Mwaka mzima yeye alijua mimi ndiye niliyemkataa, mimi nilijua yeye ndiye aliyeniuza, na kati yetu palikuwa na herufi mbili tu. Nilianza kucheka, halafu nikaona ninalia, na yule mama wa Saboti akaniletea leso akiamini nimefiwa.

Tulienda kwa Kocha Rotich mchana huo huo. Nilimweleza kila kitu, nikachora mishale kwenye vumbi. Rotich alisikiliza mikono ikiwa kifuani.

"Hadithi tamu," akasema. "Lakini mtu anaweza kuitunga leo. Mwezi ujao tuna hao hao Khalaba, fainali, hapa kwetu. Mzee, nitakurudishia kiti siku hiyo moja. Tukifika penalti na huyu akaruka vibaya tena, sitaki kukuona kwenye uwanja wetu mpaka ufe."

"Sawa," Mzee akasema. "Na akiruka vizuri, utasimama uwaambie watu kwamba Mukhwana si mwizi. Kiti nitajua mwenyewe."

Nilimwomba aanze kuandika KUSHOTO na KULIA kwa urefu, tumalize hii kesi. Akakataa katakata. Ana kurasa za miaka minne za R na L, akibadilisha sasa atajichanganya yeye mwenyewe. Nikasema basi nitahama mimi. Nilichukua kalamu ya wino mzito, nikaandika R kubwa kwenye glavu ya kushoto na L kwenye glavu ya kulia. Mwezi mzima nikiendesha pikipiki na kuona kona ya kushoto, nilijiambia refti kwa ulimi wa Mukhwana. Abiria walidhani naomba Mungu.

Siku ya fainali uwanja wa Kitale ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya ukuta. Mzee alikuja na shati limepigwa pasi, akapangusa benchi, akakaa. Wetu wengine walimzomea. Phelista alivuka uwanja kuja kumsalimia mjomba wake kabla ya mechi, na kuzomea kukaongezeka. Nilimwona Mzee akimshika Phelista mkono vizuri, bila haraka, mbele ya kila mtu. Mechi ikaisha sare, moja kwa moja. Dakika tisini. Penalti.

Safari hii Kocha alifuata kitabu. Vivian alipiga kwanza, kabla moto haujashika, akafunga na wavu nusura utoboke. Tukakosa moja katikati. Ya mwisho alipewa Beth, ile kiki yake iliyotumwa dukani ikatembea, ikatembea, kipa wao akiwa ameshaanguka upande mwingine, ikaingia. Nne kwa tano.

Wao wa kwanza: L. Nikaenda raiti, mpira ukaja raiti, lakini ulikuwa juu, ukanipita vidole. Goli. Watu wakalia, mimi nikasimama nikicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa upande wenyewe. Wa pili: R. Nikaenda lefti, nikaupangua! Wa tatu nikaugusa ukaingia. Wa nne nikaugusa ukaingia. Mara nne nimeruka, mara nne mpira umenifuata. Kwenye benchi Kocha Rotich alikuwa amesimama, mikono imeshuka.

Wakabaki na kiki moja. Wakifunga tunalingana, wakikosa tumeshinda. Na anayepiga ni Phelista Nakhungu.

Ukurasa wake niliujua kwa moyo. Baridi: L, kila mara L, na mwaka jana alipiga wa kwanza akapiga hiyo hiyo. Lakini kwenye safu ya moto Mzee alikuwa ameandika R. Kiki ya kuliza watu hajawahi kupiga zaidi ya tatu, na zote tatu alibadilisha upande. Tatu tu. Na aliyeandika ni mjomba wake, aliyembeba akiwa mtoto, aliyemshika mkono saa mbili zilizopita. Nyuma yangu mtu akapiga kelele, "Lorna, usimwamini huyo mzee! Raiti! Huyu hupiga raiti!" Na ni kweli, kwenye mazoezi ya kupasha mwili kabla ya mechi alikuwa amepiga raiti tupu.

Nilitazama benchi. Mzee alikuwa amefunga kitabu. Hakuwa anamtazama Phelista, alikuwa ananitazama mimi, na nikajua anachotazama. Hakuwa na wasiwasi na kitabu chake. Alitaka kuona kama nitaruka alikoandika.

Nilitazama glavu yangu ya kushoto. R. Refirii akapuliza. Nikaruka refti, refti ya Bungoma, na mpira ukanigonga hapa, kwenye kiganja, kwa nguvu mpaka bega likalia. Ukatoka nje.

Sikumbuki nani alinibeba. Nakumbuka Phelista ameshika kichwa, anapiga kelele kwa kicheko na machozi, "Khocha! Mjomba wangu! Umenimaliza mimi mtoto wako!" Na Mzee anamwambia, "Nilimwambia mama yako, huyu asipewe kiki ya mwisho." Kocha Rotich alichukua kipaza sauti cha mtangazaji na akasema alichotakiwa kusema. Alikisema kwa ufupi, kwa hivyo nikamnyang'anya.

"Watu wa Kitale!" nikasema. "Mwaka jana nilisema huyu mzee alituuza. Nilisema uongo. Hakukosea hata kiki moja. Nilikosea mimi kusoma. Mwenye Biblia imeachana aipeleke kwake kesho asubuhi, na asiyejua njia nitambeba bure!"

Wakacheka, wakapiga makofi, wengine wakaenda kumshika mkono. Alipopata nafasi aliniita. Alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, kitabu magotini.

"Wadhani ni wapigaji tu ninaoandika?" akaniuliza. "Hata kipa ana ukurasa."

Akafungua. Juu kulikuwa na jina langu, na chini yake, kwenye safu ya moto, tarehe ya ile fainali ya Bungoma na mstari mmoja wa mwandiko wake mdogo: *Hakuniamini, mara 5.*

Mwaka mzima alikuwa ameubeba huo mstari kwenye mfuko. Akatoa kalamu. Akapiga mkato juu ya "Haku", taratibu, na juu yake akaandika herufi tatu, halafu akanigeuzia kitabu nisome.

*Aliniamini, mara 5.*

Nilivua glavu nikakaa kando yake kwenye benchi.